Mizani ya Tisa: Kisa cha Shairi Moja la Ziwa, Kisumu

Mashindano yenyewe yalikuwa madogo. Kundi letu la wasomaji hapa Kisumu, watu ambao hata matatu moja hatuijazi, lilitangaza tuzo ya shilingi 5,000 kwa shairi bora la tarbia (mishororo minne kila ubeti) kuhusu ziwa. Masharti tuliyaandika juujuu: beti 5 au zaidi, mizani (yaani silabi) 16 kwa kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na shairi liwe kazi ya mtungaji mwenyewe. Hilo neno "mwenyewe" hatukudhani lingehitaji maelezo. Lilitukalisha vikao vitatu.

Waamuzi tulikuwa watatu. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya upili. Wa pili ni mwalimu mstaafu aliyenifundisha mimi na walimu wengi wa rika langu. Tunamwita Mzee tu, na mizani huihesabu kwa kugonga meza kwa vidole, mlio ambao hunitia jasho mpaka leo. Wa tatu ni dada wa maktaba, mzaliwa wa Dunga, ambaye kwao walikuwa wavuvi kabla ya kuwa kitu kingine chochote.

Ni huyo dada aliyeshtuka kwanza. Alikuwa akisoma kwa sauti shairi lililotoka Kondele, akanyamaza, akapekua rundo, akatoa jingine lililotoka Nyalenda. "Mwalimu, hebu sikia haya," akaniambia. Ubeti wa kwanza wa mashairi yote mawili ulikuwa sawa karibu neno kwa neno. Mwezi unaangaza, ziwa lapendeza. Mawimbi yanacheza ngoma huku na huku. Wavuvi wanaimba kote kote. Na watungaji hawajuani.

La Nyalenda ndilo tulilokuwa tumeliweka mbele ya yote. Mzee alikuwa ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *ana sikio*.

Tukawapigia simu wote wawili. Wa Kondele alisema atatupigia baadaye, na bado tunamngoja. Wa Nyalenda, kijana wa miaka 19 ambaye mama yake anauza omena (dagaa) sokoni, alikuja siku ya pili, akaweka simu mezani, akafungua mazungumzo yote aliyofanya na programu ya akili unde. (Wengine husema akili mnemba, wengine akili bandia, Mzee anasema zote tatu ni matusi kwa neno akili.) "Sikuficha, Mwalimu," kijana akasema. "Hamkuniuliza." Kweli, hatukuwa tumemuuliza.

Kilichokuwa ndani ya simu

Agizo lake la kwanza lilikuwa fupi: nitungie shairi la tarbia kuhusu Ziwa Victoria usiku. Jibu lilikuja kabla hajameza mate. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

*Mwezi unapong'ara, ziwa letu lapendeza,*
*Mawimbi yacheza ngoma, upepo unatuliza,*
*Wavuvi waimba kwa furaha, nyavu wanazitandaza,*
*Victoria ziwa letu, sifa zako twatangaza.*

Utao, nusu ya pili ya mshororo, umekaa sawa: mizani 8 kila mshororo, na kina cha "za" hakikukosea hata mara moja. Ukwapi, nusu ya kwanza, ndio uliovunjika. Mshororo wa kwanza una mizani 7, wa tatu una 10, na vina vya kati havipo kabisa: ra, ma, ha, tu. Kuhusu "Victoria" tulibishana robo saa kama ile sauti ya k ina mizani yake au haina. Mzee alishinda, nami sitaki kuurudia ubishi huo.

Kijana mwenyewe aliliona kosa, akaandika: hesabu mizani. Programu ikamjibu kwa adabu na kwa uhakika kwamba kila mshororo una mizani 16. Hapa hapana ulaghai. Mashine ya aina hii haisomi silabi. Hukata maandishi vipande vipande kwa kufuata mifuatano ya herufi inayojirudia sana katika maandishi iliyofunzwa nayo, kisha hubashiri kipande kinachoelekea kufuata. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi hayo ni Kiingereza, neno la Kiswahili hukatwa pasipo kiungo, kama kuku aliyeangukia mikono ya mtu asiyejua kupasua. Ukiiuliza hesabu ya mizani, haigongi meza kwa vidole. Hubashiri jibu ambalo kwa kawaida hutolewa mtu akiulizwa kuhusu tarbia, na jibu hilo ni 16.

Wengi wakitaka kuonyesha kwamba mashine haiwezi kutunga hulikimbilia kosa hili. Mimi silioni kuwa na uzito. Matoleo mapya ya programu hizi hukosea kidogo kuliko ya jana, na kijana alilirekebisha mwenyewe jioni ile ile: "unapong'ara" ikawa "unapoangaza", wavuvi wakapunguziwa furaha, vina vya kati vikasakwa mpaka vikapatana. Kosa zito lilikuwa palepale Mzee alipotia alama ya vema.

Mtu wa ufuoni akitulia ataliona. Omena huvuliwa usiku wa giza. Taa huelea majini, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na za sola. Samaki wale wadogo hujikusanya penye mwanga, ndipo wavu huwazunguka. Mwezi ukijaa, ziwa zima ni taa, na omena hawana sababu ya kuifuata taa yako. Mitumbwi hukaa nchi kavu siku kadhaa. Kwa hiyo wale wavuvi wanaotandaza nyavu kwa nyimbo chini ya mbalamwezi wamewekwa katika usiku ule ambao, kwa watu wa omena, hakuna kazi.

Nikamgeukia dada wa Dunga. Alikuwa ameusoma ubeti ule mara mbili bila kusema neno. Kwa nini? "Nilidhani ni ushairi tu," akasema.

Jibu hilo halijanitoka. Katika ushairi wetu mwezi ni mzuri tangu kale: ni uso wa mpenzi, ni taa ya msafiri. Mashine ilifuata njia iliyokanyagwa na wengi, kwa kuwa ndivyo inavyofanya kazi. Lakini sisi watatu, mmoja wetu akiwa mtoto wa mvuvi, tuliifuata njia ile ile wakati wa kusoma. Mwaka 2024 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti ambapo wasomaji wa kawaida walipewa mashairi ya Kiingereza, mengine ya washairi mashuhuri akiwemo Shakespeare, mengine ya mashine, watambue lipi ni la nani. Walipatia asilimia 46.6, chini hata ya mtu anayerusha sarafu. Zaidi ya hayo, kwa jumla waliyapenda ya mashine. Nilipousoma niliwacheka wasomaji hao. Kicheko kiliniishia kwenye meza ya maktaba.

Na kule kufanana kwa Kondele na Nyalenda nako si bahati mbaya. Mwaka huo huo, katika Science Advances, watafiti wawili waliwapa waandishi wapatao 300 kazi ya kuandika hadithi fupi sana, baadhi wakiruhusiwa kupata mawazo kutoka kwa mashine. Hadithi za waliosaidiwa zilionekana bora moja moja, hasa za wale ambao kwa kawaida si wabunifu sana. Zikiwekwa pamoja, zilishabihiana kuliko za wasiosaidiwa. Kama shairi la Kondele lisingeletwa, la Nyalenda lingepita kama maji mferejini. Waamuzi wa mashindano huwa tunasoma shairi moja moja, na maradhi haya huonekana kwenye rundo.

Ubeti wa tatu

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike haya yote.

Kijana alimsomea mama yake ubeti wa kwanza. Mama, ambaye alikuwa akianika omena kwenye neti, aliuliza swali moja: "Hao wanaoimba wamekula nini?" Kijana akaifunga programu. Ubeti wa tatu aliuandika peke yake, na kwenye simu unaonekana umeingizwa ukiwa tayari:

*Mbalamwezi ikitoka, nyavu zalala nyumbani,*
*Taa tunaitundika, kwa kamba ya ukutani,*
*Mama gorogoro kashika, apima upepo ndani,*
*Mwezi mnaoutaka, kwetu ni deni dukani.*

Hesabu mwenyewe mshororo wa tatu. *Ma-ma go-ro-go-ro ka-shi-ka*: mizani 9 katika ukwapi. Ni guni, yaani lenye kasoro ya mizani, na Mzee aliligonga mezani mara tatu kuhakikisha.

Kijana alijua. Ndiyo maana aliirudia programu na kuiomba isawazishe mshororo huo bila kugusa mingine. Ikampa hivi: *Mama kikombe kashika, apima upepo ndani*. Mizani 8, kina kipo, sarufi safi. Na mshororo umekufa. Nani amewahi kuona omena ikipimwa kwa kikombe sokoni Kibuye? Gorogoro ni ule mkebe wa kilo mbili unaojua bei ya leo na bei ya wiki jana. Mama akiushika bila kitu ndani, kila mtu nyumbani anajua jibu la swali ambalo hakuna aliyeuliza. Kikombe kitupu ni kikombe kitupu tu.

Mzee naye, kwa kuwa hawezi kuona guni akalala, alitoa rekebisho lake papo hapo: *Gorogoro kaishika, apima upepo ndani*. Mizani 8, mkebe umebaki, na kusema kweli mdundo wake ni mtamu kuliko wa kijana. Lakini mama ametoweka. Aliyeshika ni nani sasa? Mzee akasema itaeleweka. Kijana, kwa heshima zote, akasema: "Shikamoo Mzee, lakini mama lazima awepo." Hakuna shikamoo katika maongezi yetu ya kawaida hapa Kisumu; nadhani aliichomoa kwenye vitabu kupunguza makali ya kukataa.

Hebu tuyatazame hayo matatu pamoja. Mashine ilitunza hesabu ikapoteza chombo. Mzee alitunza hesabu na chombo akapoteza mtu. Kijana aliwatunza mtu na chombo akapoteza hesabu. Anayetaka kisa hiki kiseme kwamba binadamu ana moyo na mashine haina atapata taabu, kwa maana Mzee ni binadamu, ana moyo mpana, na bado alimfuta mama wa watu kwa ajili ya silabi moja. Tofauti ninayoiona mimi ni nyembamba zaidi. Wote watatu walijua kwamba lazima kitu kiachwe. Ni mmoja tu aliyejua bei ya kila kilichoachwa, na alijua kwa sababu gorogoro hiyo iko jikoni kwao.

Mzee hakukubali. Alituletea sheria za utunzi alizozikusanya mshairi Amri Abedi, zilizochapishwa 1954, akasema anayetaka kuvunja mizani akaandike mashairi huru na asilete kwenye shindano la tarbia. Hoja yake ina nguvu kuliko nilivyokiri siku ile. Ugomvi wa arudhi (kanuni za vina na mizani) na mashairi huru ulikwisha kuchemka sana miaka ya 1970, mshairi Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka 1974, na sikuwa na hamu ya kuupasha moto upya. Lakini nilimwuliza Mzee jambo moja: kosa la mashine la mizani 7 na kosa la kijana la mizani 9, ni makosa ya aina moja? Moja lilitendwa na asiyejua kwamba amekosea hata baada ya kuulizwa. La pili lilitendwa na aliyehesabu, akajaribu kulitoa, akapewa njia mbili za kulitoa, akazikataa zote mbili kwa sababu aliyoweza kuitaja. Mzee akagonga meza, akasema guni ni guni.

Mshororo ulioniharibia hoja

Ningependa kuishia hapo, maana kisa kingekuwa kimeninyookea. Lakini mazungumzo ya simu yaliendelea.

Baada ya kikombe, kijana alikasirika, akaieleza programu kwa urefu: omena huvuliwa gizani, mwezi ukijaa hatuvui, mwezi kwetu ni njaa. Akaomba mishororo juu ya jambo hilo. Ikatoa 6 kwa mkupuo. Mmoja ulimwita mwezi rafiki wa mvuvi, kana kwamba hakuna lililosemwa. Mitatu ilikuwa maji. Mmoja ulikuwa wa kawaida. Na mmoja ulikuwa huu:

*Angani taa ya bure, yatuzimia ya kwetu.*

Mizani 8 kwa 8. Mwezi kama taa ya bure inayoizima taa ya kununua. Dada wa maktaba alisema "aii" kwa sauti ya chini. Mimi nisingeliwaza hilo, wala kijana hakuliwaza, wala Mzee, ambaye alilisoma mara mbili kisha akauliza kama kweli ni la mashine. Ndilo lililofungua ubeti wa nne wa shairi, na ukiniuliza ni mshororo upi bora kati ya yote, sina hakika kama nitautaja wa gorogoro.

Wanaopenda Go, mchezo wa ubaoni, wanalikumbuka jambo la namna hii. Machi 2016 huko Seoul, programu AlphaGo ilicheza na bingwa Lee Sedol, na katika mchezo wa pili hatua yake ya 37 iliwaacha mabingwa midomo wazi. Walidhani ni kosa, ikawa ndiyo iliyoelekeza ushindi. Siku tatu baadaye Lee naye, katika mchezo wa nne, alicheza hatua ya 78 ambayo mashine haikuitarajia, akashinda mchezo huo mmoja kati ya mitano. Mshangao uliwezekana pande zote mbili. Ila kwenye Go ubao wenyewe hutoa jibu: umeshinda au umeshindwa, na kwa jibu hilo mashine ilijifunza kwa kucheza na nafsi yake mara nyingi mno. Shairi halina ubao. Ule mshororo wa taa ya bure ulitoka kwenye foleni moja na rafiki wa mvuvi, sauti ile ile, uhakika ule ule, na programu haikutofautisha. Aliyeuchomoa ni kijana, na alijua wa kuuchomoa kwa sababu mama alikuwa amekwisha kuuliza wale wanaoimba wamekula nini.

Utasema basi kijana alikuwa mhariri tu. Labda. Lakini habari ya mwezi na njaa ilitoka kwake, na yeye aliipata kwa bibi yake, kwa Kidholuo, usiku wa kuketi bila kazi. Haikuwa wazo lake jipya kwa maana ya kuanguka kutoka mbinguni. Mengi ya namna hiyo hayajaandikwa popote mashine inapoweza kuyaokota. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Maseno, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi na Africa Nazarene University, wamekusanya hazina ya maandishi na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya iitwayo Kencorpus. Kazi hiyo ikikua, huenda siku moja programu ikaujua mwezi wa Dunga bila kuambiwa. Nitakapouona ubeti huo sijui nitauhukumu vipi. Wa leo niliweza.

Uamuzi

Dada wa maktaba alitaka tutazame sheria inasema nini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 ina jibu ambalo wengi hawalijui: kazi ikizalishwa na kompyuta, mtunzi wake ni mtu aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Marekani wamekwenda njia nyingine. Machi 2025 mahakama ya rufaa mjini Washington iliamua kwamba mtunzi lazima awe binadamu, na kazi iliyotajwa kuwa ya mashine peke yake haipewi hakimiliki. Kwa sheria yetu, basi, shairi lote ni la kijana, pamoja na ubeti ule wa wavuvi wanaoimba. Lakini kumiliki shairi na kustahili sifa ya kulitunga ni mambo mawili, na shilingi 5,000 zilikuwa za sifa.

Tulipiga kura. Nilipendekeza tulihukumu shairi kwa ubeti wa tatu na wa nne, tuyatangaze wazi yaliyofanyika, kisha tumpe. Nilishindwa mbili kwa moja. Mzee alipinga kwa sababu ya guni. Dada alipinga kwa sababu nyingine, na bado naiona ya haki: washiriki wengine hawakuambiwa kwamba njia hiyo ipo, na msichana wa kidato cha tatu aliyeandika juu ya matope ya Kibuye wakati wa mvua alihangaika na kila kina peke yake. Tuzo ikaenda kwa huyo msichana. Shairi lake ni la wastani, lina beti mbili nzuri, na hakuna mwezi ndani yake.

Kijana tulimwomba asome ubeti wa tatu siku ya kutoa zawadi, alasiri ya Jumamosi ufuoni Dunga. Aliusoma na mizani yake 9. Mzee alikuwa ameketi mbele, vidole juu ya goti.

Alipomaliza, mama mmoja aliyekuwa amesimama nyuma na karai lake la samaki, ambaye nadhani alikuwa akisubiri tu tuondoke njiani, alimwita: "We kijana, hiyo gorogoro ya mamako ni nzima, ama ni ile iliyobonyezwa chini?"

Watu walicheka sana, maana kila mtu pale amewahi kupunjwa kwa mkebe uliobonyezwa kitako. Kijana hakucheka. Alitoa simu, nami nikachungulia nione kama anaifungua programu. Alikuwa anaandika mwenyewe, huku mkono wa pili ukigonga paja. I-li-yo-bo-nye-zwa chi-ni. Mizani 8, na kina ni kile kile.